Niliufuata mto, nikapanga kilimani

Ukimwambia dalali wa Dar es Salaam unatafuta nyumba karibu na bahari, anachangamka na bei inapanda hapohapo. Mwambie unataka karibu na mto, atakuangalia juu mpaka chini. Kwa watu wengi wa jiji hili mto maana yake ni Jangwani: Barabara ya Morogoro imefungwa, mabasi ya mwendokasi yamesimama, Magomeni na Fire kila mmoja kivyake. Mto ni habari ya masika. Ikifika Julai umeshasahaulika, umebaki pa kutupia taka.

Mimi nimekulia Kilosa, kando ya Mto Mkondoa, na mtu wa Kilosa mto haumtoki moyoni hata umfanyie nini. Tuliogelea humo, mama zetu walifulia humo, na mto huohuo ndio uliokuwa ukila tuta la Reli ya Kati kule kuelekea Gulwe mpaka treni zinakwama. Mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalipoingia mjini, ndugu zangu wengine walihamia kwenye mahema. Kwa hiyo sikuja Dar nikiuona mto kama pambo. Niliujua ni jirani mwenye hasira za msimu, na ukishaujua msimu wake mnaishi vizuri tu.

Tulipochoka chumba na sebule Mwananyamala, mke wangu alikuwa na sharti moja: afike dukani kwake Kariakoo bila kubadilisha daladala mara tatu. Mimi langu lilikuwa mto. Alicheka, lakini hakukataa.

Mito Dar ipo mingi kuliko watu wanavyodhani. Huku Temeke kuna Kizinga na Mzinga, kaskazini kuna Mbezi na Tegeta, na mwisho kabisa Mpiji unaotugawa na Bagamoyo. Mkubwa wa katikati ni Msimbazi, unaotoka vilima vya Pugu upande wa Kisarawe na kusafiri takribani kilomita 35 hadi baharini pale Daraja la Salenda. Watu wanausema vibaya Msimbazi kwa sababu wanaufahamu mwisho wake. Ukishuka kutoka Vingunguti kwenda chini umeshapokea maji ya viwandani, mitaro ya mitaa na kila kilichomshinda mtu kukibeba hadi kwenye kizimba cha taka. Huku juu, maeneo ya Ulongoni na Kinyerezi, ni mto mwingine kabisa. Kiangazi una mchanga mweupe, maji ya kufika kifundoni, na watoto wanavuka wakiwa na madaftari kichwani. Huko ndiko nilikoelekea.

Nyumba ya kwanza tuliyoonyeshwa ilinishika. Vyumba vitatu, vigae mpaka uani, baraza linautazama mto, na kodi iko chini kuliko tulivyotarajia. Dalali, kijana mchangamfu ambaye hela yake ya kuonyeshea nyumba alishaitia mfukoni, alitupeleka moja kwa moja barazani. "Bosi, hapa jioni unakaa na juisi yako, upepo unakuja wenyewe." Upepo ulikuwepo kweli. Mke wangu alikuwa ndani anaangalia jiko, akaniita.

"Baba Asha, njoo uone hizi soketi."

Soketi zote za umeme zilikuwa juu, usawa wa kifua cha mtu mzima. Mlango wa kuingilia ulikuwa na kizingiti cha tofali kilichojengewa juu, unakivuka kama unapanda mtumbwi. Kuta zilikuwa na rangi mpya chini, juu ya zamani. Nikaenda stoo, nikaufunga mlango nikiwa ndani ili nione nyuma yake, mahali ambapo brashi ya fundi huwa haina haja ya kufika. Kulikuwa na mstari wa kahawia umenyooka ukutani, juu kidogo ya kiuno changu, na chini yake tope lililokauka likawa vumbi. Nililigusa, likabaki kidoleni.

"Mafundi wa siku hizi, bosi," dalali alisema kuhusu soketi. "Wanaogopa watoto wasichezee."

Nje kulikuwa na mama anakaanga vitumbua. Nilimwamkia, nikanunua vya kumpoza dalali na vyangu, nikamuuliza kama maji huwa yanafika pale. Aligeuza kitumbua polepole. "Ya bomba au ya mto?" Ya mto, nikasema. "Ya mto yanapita tu, mwanangu. Hayakai."

Pale nilijifunza namna ya kuuliza, na kila anayenitaka ushauri wa nyumba namwambia hilo kabla ya jingine lolote. Usimuulize jirani kama mafuriko yapo. Hakuna anayetaka kumharibia mwenye nyumba biashara halafu waonane naye kesho msikitini. Muulize, "Mwaka ule wa maji mlihamia wapi?" Ukiuliza hivyo unakuwa umeshajua, yeye anakusimulia tu. Kuna mtaa niliuliza hivyo, mzee mmoja akaniambia bila kufikiri walilala shuleni, akanionyesha na dirisha la darasa. Mtaa wa pili, watu walitazamana, wakaniambia hawakuhama, waliopokea wageni ni wao. Huo wa pili nikauandika.

Mto wenyewe nao unasema, ukiutembelea bila dalali. Angalia vipande vya mifuko na nyuzi za viroba vilivyokwama kwenye matawi. Vikiwa juu ya kichwa chako, maji yalikuwa juu ya kichwa chako, hakuna hesabu nyingine. Angalia uzio wa waya umelalia upande gani na majani yaliyonasa yanaelekea wapi. Halafu angalia kona. Mto ukipinda, maji yanakimbia upande wa nje na kuukata ukingo kwa chini, upande wa ndani yanapoa na kumwaga mchanga. Nyumba nyingi nilizoona zimening'inia, msingi uko hewani na choo kimeshaondoka, zilikuwa upande wa nje wa kona. Na nyingi zilipojengwa zilikuwa mbali na maji. Si kwamba mwenyewe alikuwa mjinga. Mto ndio uliosogea, na ulisogezwa.

Wanaousogeza ni wachimba mchanga. Hili sitalizunguka. Usiku unasikia makoleo na Kenta ikipanda mlima kwa gia ndogo, asubuhi kitanda cha mto kimeshuka na ukingo umebaki wima, unangoja mvua. Mwenyekiti anakemea mkutanoni, watu wanapiga makofi, na wengine kati ya wanaopiga makofi wana ukuta wanaojenga na mchanga wameagiza. Vijana wanaochimba ninawafahamu kwa sura, tunasalimiana. Hawana shamba wala ajira, na mchanga unalipa siku hiyohiyo. Sijui niwaambie nini. Najua tu kwamba nikitafuta nyumba naangalia kwanza kama kuna njia ya lori inayoshuka mtoni. Kama ipo, naongeza umbali.

Umbali nao una sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu wa bonde la Msimbazi wanaikumbuka kwa alama ya X nyekundu: mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba zilibomolewa kule chini, na wengi walikuwa na karatasi za mauziano zenye mhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi ile inathibitisha kwamba mmeuziana. Haithibitishi kwamba pale panajengeka, wala si hati. Kabla ya hapo kulikuwa na mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikapewa viwanja Mabwepande. Baadhi walirudi bondeni. Mabwepande ni mbali, na mtu anayeishi kwa kibarua cha Kariakoo anapiga hesabu ya nauli kabla ya hesabu ya maji. Siwezi kumcheka.

Basi tukapanga kilimani. Nyumba ya mama mmoja mjane, vyumba viwili, sakafu ya saruji, bati lake linapiga kelele mvua ikianza. Hakuna baraza la kuutazama mto. Hata mto wenyewe huuoni, unaona vichwa vya minazi na mkuyu mkubwa, ndiyo unajua upo chini hapo. Kuna njia ya miguu inashuka kati ya nyumba mbili, inapita kwenye shamba la magimbi, dakika chache umefika. Dalali alishangaa. "Sasa bosi, si ulisema unataka mto?" Nilimwambia nautaka wa kwenda, siutaki wa kuja.

Na ndivyo tunavyoishi nao, kwa kwenda.

Asubuhi mimi ndiye ninayeshuka kufuata mboga. Kipupwe cha Juni na Julai bonde linakuwa na umande mzito, suruali inalowa mpaka magotini, na huku juu jua limeshatoka. Wakulima wanamwagilia kwa makopo mawili mawili, wanatembea katikati ya matuta bila kukanyaga hata jani. Mchicha wao ni wa wiki tatu nne hivi, na wachuuzi wa sokoni wananunua tuta zima kabla halijang'olewa. Mimi nanunua mafungu yangu, nachuma na matembele, nazungumza. Yangeyange wanafuata nyuma ya jembe. Mdiria mmoja ana tawi lake, na nikimkuta hayupo nahisi siku imepungua kitu.

Mboga za kando ya mto si za kununua kwa macho peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima mboga za kando ya Msimbazi na Mto Sinza tangu miaka ya 1990, na wakakuta metali kama risasi na kadmiamu. Ndiyo maana nauliza maji yanatoka wapi. Kijana ninayenunua kwake alinionyesha kisima chake, shimo la kuchimba kwa mkono pembeni ya shamba, mbali na mfereji unaotoka barabarani. Huku juu hakuna kiwanda kinachomwaga maji juu yake. Mboga za kule chini kwenye viwanda, hata ziwe za kijani namna gani, sizigusi.

Jioni ni zamu ya watoto. Wanashuka kucheza mpira kwenye mchanga, wanajenga mabwawa ya udongo, wanarudi na mifuko imejaa mawe. Watu wazima wanakaa chini ya mkuyu, drafti inachezwa kwa vizibo vya soda, na mzee mmoja anauza kahawa na kashata. Jua likishazama hewa ya bonde inapoa, saa mbili usiku nyumbani kwetu feni inazimwa. Ukitoka Mwananyamala, ambako ukuta ulikuwa unatema joto mpaka usiku wa manane, hilo peke yake linatosha kulipia kodi.

Kuna na adha zake. Mbu tunao, na neti si suala la mjadala. Kenge anatoka kwenye matete na kula mayai ya kuku wa mama mwenye nyumba, na mama kila mara anamtangazia vita asiyoipigana. Nyoka tumeona. Vyura masika wanaimba mpaka mgeni anauliza kama kuna mashine inayowaka.

Masika ndiyo mtihani. Kuanzia Machi hatuteremshi watoto bila mtu mzima. Kitu ambacho wageni hawakielewi ni kwamba mto wetu haujazwi na mvua yetu. Mvua inanyesha Pugu, huku kwetu jua linawaka na nguo ziko kambani, na maji yanakuja. Wanangu wanajua dalili. Kwanza maji yanabadilika rangi, yanakuwa ya chai ya maziwa. Kisha chupa za plastiki na majani makavu vinatangulia vimebebana, na povu. Ukiona chupa zimeongozana, huvuki, hata kama maji bado yako kifundoni na kiatu chako kiko ng'ambo. Baada ya hapo unausikia kabla hujauona, ngurumo ya chini isiyokatika. Tunakwenda kusimama juu ya njia na majirani, tunatazama magogo yakipita, na mara moja godoro.

Siku hizo mtu asiniambie habari za uzuri wa mto. Kuna wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, wanatoboa shimo na kuachia lote liende na maji. Wanafanya usiku na kila mtu anajua kwa harufu. Wanaolipa ni wa chini, Kigogo na Jangwani, ambao mvua ile hata haijawanyeshea. Kwa wiki kadhaa baada ya masika hatukanyagi maji, na mboga tunanunua sokoni mpaka wakulima wapande upya, maana matuta yote huwa yamesombwa. Yule kijana wa mchicha anaanza upya kila mwaka. Nilimuuliza kwa nini asihamie juu. "Juu nitamwagilia na nini, kaka?"

Tulipopata hela ya kiwanja hatukuhama mtaa. Tulikuwa tumeshapita masika kadhaa tukiwa wapangaji, tumeona maji yanaishia kwenye mti gani, njia ipi inakatika, nani anabaki kisiwani. Hiyo elimu dalali hana, na ramani haina. Kama unaweza, panga masika nzima kabla hujanunua. Kodi ya miezi sita ni hela nyingi, lakini msingi ulioondoka na maji haurudi.

Siku ya kupima, mpimaji alisimama ukingoni akavuta utepe. Nikamuuliza ukingo tunauhesabu upi, wa leo au wa miaka kumi ijayo. Alidhani natania. Nilimshusha hadi kwenye mkuyu, nikamwonyesha mizizi inayoning'inia upande wa maji, minene kama paja langu. Mama mwenye nyumba anakumbuka mizizi ile ikiwa ardhini na wanawake wakianika nguo mbele yake. Tukanunua kiwanja cha juu zaidi, kinachozidi mita 60 kwa mbali. Muuzaji aliona tumechezea nafasi, cha chini alikuwa ameshakipunguza bei.

Kati yetu na mto pamebaki eneo ambalo si letu. Na majirani tumepanda mianzi na matete kwenye ukingo, na vetiva, majani yenye mizizi inayokwenda chini sana na kushika udongo. Ukuta wa mawe na nyavu za waya tulipiga hesabu yake, tukaangaliana. Masika iliyopita sehemu yenye mianzi ilisimama, sehemu ya matete machanga ilikwenda yote. Mwaka huu tunaongeza mianzi, na kila nyumba imepewa zamu ya kuzuia mbuzi.

Mke wangu, aliyecheka sharti langu, sasa ndiye anayelalamika nikichelewa kushuka kufuata matembele. Kariakoo anakwenda kwa daladala mbili, na mvua ikinyesha anatoka mapema zaidi, kwa sababu foleni ya Tabata haijali umepanga wapi.

Wiki iliyopita mdogo wangu amepiga simu kutoka Kilosa. Amepata uhamisho wa kikazi kuja Dar, na yeye vilevile anataka karibu na maji. Dalali, tena huyuhuyu wetu, ameshamtumia picha za nyumba yenye baraza, vigae mpaka uani, kodi nafuu. Nimeitambua kwa kizingiti. Anataka kuja kuiona Agosti akiwa likizo. Nimemwambia likizo aisogeze iwe Aprili, aje na mabuti, na akifika asimtafute dalali kwanza. Aanzie kwa mama wa vitumbua.